Njia ya Kwenda Mutukula Ilipita Kwetu

Shuleni tulifundishwa Vita vya Kagera kama hadithi ya uvamizi mmoja. Idi Amin alivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga tunavyo, na Amin akapigwa. Somo liliisha kwa nusu ukurasa wa daftari. Lakini ukihesabu miezi utaona kwamba sehemu kubwa ya vita hivyo ilipiganwa ndani ya Uganda. Kuanzia Januari 1979, jeshi lililokuwa kwenye ardhi ya jirani lilikuwa letu.

Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu miezi hiyo, na kila ninapolitumia neno uvamizi kwa JWTZ kuna mtu hukunja uso, utadhani haki ya Tanzania itafutika. Haifutiki. Amin ndiye aliyeanza. Ila jeshi lenye haki nalo huvuka mpaka kwa miguu, hula, huzama kwenye tope, na hufanya mambo ambayo wazee hawapendi kuyasimulia.

Uvamizi wa kwanza, ule wa Amin, ulikwama mapema. Askari wake waliteka eneo la kaskazini mwa Mto Kagera, kama kilomita za mraba 1,800, na tarehe 1 Novemba akatangaza kuwa ni sehemu ya Uganda. Hapo jeshi likageuka la wachukuzi: ng'ombe, mabati, magari, mashine. Raia wapatao 1,500 waliuawa. Ndege zilijaribu kulivunja daraja la Kyaka zikashindwa, hadi akaletwa mtaalamu kutoka migodi ya shaba ya Kilembe, na tarehe 3 Novemba baruti ikafanya kazi. (Ndugu zangu wa Geita hawashangai wakisikia hilo. Wanajua tofauti ya baruti iliyotegwa na mtu anayeujua mwamba na ile inayorushwa tu.) Lakini kwa kulivunja daraja, Amin alijifungia mwenyewe njia ya kwenda kusini. Kuanzia hapo jeshi lake lilikuwa likilinda ngawira.

Tanzania nayo ilikuwa na shida nyingine: haikuwa na kikosi kikubwa karibu na mpaka. Brigedi zilitoka mbali, nyingine Songea na Dar es Salaam, na kufika huko kulimaanisha kupita kwetu. Treni ilitoka Dar hadi Tabora, ikashika tawi la kaskazini, ikapita Shinyanga hadi Mwanza. Shirika la Reli la Tanzania lilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kwani Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na reli zikagawanywa. Kutoka Mwanza kulikuwa na njia mbili. Moja ni meli hadi Bukoba. Nyingine ni pantoni ya Busisi, kisha Sengerema, Geita na Biharamulo, barabara ya vumbi ambayo kwenye mvua za vuli haikuwa barabara tena. Dereva yeyote wa Shinyanga anajua udongo mweusi wa mbuga unavyolishika gurudumu. Ukikwama asubuhi, unaweza kulala hapo hapo.

Serikali ilichukua malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi. Ukanda wetu uliishi kwa pamba, na pamba bila lori ni mzigo uliokaa ghalani. Wananchi walichanga fedha, chakula na ng'ombe. Jeshi lililokuwa na askari wasiofika 40,000 likapanuliwa hadi zaidi ya 150,000, wakiwemo mgambo wapatao 40,000, pamoja na polisi, magereza na JKT. Wengi walikuwa wakulima waliofundishwa haraka. Katika haraka hiyo mizinga yetu ya ulinzi iliangusha ndege tatu za kivita za Tanzania yenyewe.

Mutukula ilitekwa usiku wa tarehe 21 Januari 1979. Kampala iliangushwa tarehe 11 Aprili. Ni siku 80 kwa umbali wa kilomita zaidi kidogo ya 200. Vituo vingine vilikuwa vya makusudi, kusubiri siasa au risasi, lakini askari wengi wa miguu walitembea kwa miguu kweli. Shida ya ardhi ilionekana wazi Lukaya, ambako barabara ya Masaka kwenda Kampala hupita kwenye tuta refu katikati ya kinamasi cha mafunjo. Huwezi kutawanyika kushoto wala kulia. Tarehe 10 Machi, Brigedi ya 201, iliyojaa mgambo, ilikutana hapo na vifaru na makombora ya Walibya waliotumwa kumsaidia Amin, na wengi wakakimbia. Brigedi ya 208 ilizunguka usiku, ikatokea upande wa pili alfajiri ya tarehe 11, na mambo yakageuka.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mgambo. Nikimuuliza Lukaya, hueleza viatu vilivyooza na maji yaliyofika mapajani. Nikimuuliza Mutukula, huniuliza kama ng'ombe wamenywa maji.

Mutukula raia waliuawa na mji ukabomolewa, kisasi cha yale ya Kagera. Nyerere alikasirika na kuamuru raia na mali zao visiguswe. Februari, baada ya Masaka na Mbarara kutekwa, majengo mengi yalilipuliwa tena. Haya yameandikwa na watu walioandamana na jeshi, si siri. Simsukumi babu, maana sijui alikuwa wapi siku hizo na sina hakika kwamba nataka kujua. Lakini kwenye tasnifu siwezi kuuliza kama ng'ombe wamenywa maji.

Vita viliisha tarehe 3 Juni 1979. Jeshi lilipoteza askari 373. Mkoa wa Ziwa Magharibi ukaitwa Kagera. Mwalimu aliomba tufunge mikanda miezi 18. Waliokuwa watu wazima wakati huo watakwambia sabuni na sukari vilirudi lini.

Shinyanga ilikuwa na foleni yake nyingine. Wizi wa ng'ombe haukuwa kitu kigeni Usukumani, lakini baada ya vita majambazi walikuja na bunduki za kivita, na upinde haukutosha. Kuanzia mwaka 1981 na 1982, vijiji vya Kahama na Nzega vilianza kujipanga wenyewe kwa filimbi, mishale na viapo, na Sungusungu ikaenea hadi Geita na ng'ambo yake. Wasomi walioichunguza wanaitaja vita ya Kagera miongoni mwa sababu, pamoja na uchumi uliovunjika na polisi wasioaminika.

Mpango wangu wa awali wa utafiti uliishia Kampala. Nimemwomba msimamizi wangu niongeze sura moja inayoanzia Kahama. Ameniambia kurasa 20, zisizidi.