Umeme Kabla Haujatulia

Watu wengi hudhani kwamba umeme, mara swichi ibonyezwapo, hufika mwisho wa waya na kutulia papo hapo. Sivyo. Katika kila sakiti kuna kitambo, aghalabu kifupi kuliko kupepesa jicho, ambacho mkondo hupanda au hushuka kabla ya kutulia. Kitambo hicho huitwa hali ya mpito. Historia ya jinsi wanadamu walivyojifunza kukitabiri ina hasara kubwa ndani yake, nayo yafaa isimuliwe.

Mwaka 1853 William Thomson, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Glasgow ambaye baadaye alipewa cheo cha Lord Kelvin, alitoa makala juu ya mikondo ya mpito. Alionyesha kwa hesabu kwamba umeme uliowekwa akiba, ukifunguliwa njia, waweza kwenda na kurudi mara nyingi kama bembea kabla ya kufifia. Miaka miwili baadaye hesabu zake ziligusa mambo ya fedha. Waya wa simu uliolazwa chini ya bahari, alisema, hujaa umeme polepole, kama mtungi utiliwao maji kwa mrija mwembamba. Na ukiurefusha mara mbili, kuchelewa kwa ishara huzidi mara nne.

Neno hilo halikumpendeza Wildman Whitehouse, daktari aliyekuwa msimamizi wa mambo ya umeme katika kampuni iliyokusudia kuunganisha Ireland na Amerika. Mwaka 1856 alimpinga Thomson hadharani. Waya ukalazwa, ukafika ng'ambo mwezi wa Agosti 1858. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais Buchanan, maneno 98 tu, zilichukua saa 16 kupita. Whitehouse, akidhani kwamba dawa ya ishara dhaifu ni nguvu, alitumia koili zenye volti zipatazo 2,000. Waya ule, ambao tangu mwanzo haukuwa mzima, ukazidi kuharibika, na baada ya majuma machache ukanyamaza. Waliolaza nyaya zilizofuata walimsikiliza Thomson. Nasi hatukuwa mbali na habari hizi: waya wa baharini kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879, na mwaka 1890 Mombasa nayo ikaunganishwa na Unguja.

Je, hesabu yenyewe ni ya namna gani? Mwanafunzi na achukue kalamu. Tuna betri ya volti 10, rezista ya omu 1,000, na kapasita, yaani chombo cha kuwekea umeme akiba, ya mikrofaradi 1,000. Mwanzo kapasita ni tupu. Badala ya kutafuta jibu lote kwa mara moja, twaukata wakati vipande vya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na katika kila kipande twajifanya kwamba mkondo haubadiliki. Katika kipande cha kwanza kapasita hupata volti 1. Zimebaki 9 za kuusukuma mkondo, kwa hiyo katika kipande cha pili hupata 0.9, jumla ni 1.9. Kisha 2.71, na kuendelea. Baada ya sekunde moja twapata kama 6.51, ilhali jibu la kweli ni 6.32. Tukivikata vipande viwe vya sehemu moja ya mia, twapata 6.34. Lakini mvivu akichukua kipande cha sekunde 3, kapasita yake itaruka hadi volti 30, kisha ishuke hadi 30 chini ya sifuri, kisha 90! Betri ya volti 10 haiwezi kutoa maajabu hayo. Si umeme uliorukwa na akili, ni hesabu.

Njia hii ya hatua kwa hatua ilifundishwa na Leonhard Euler tangu karne ya 18, ila ilichosha mno. Mwaka 1931 Vannevar Bush na wenzake huko Massachusetts walikuwa na mashine ya magurudumu na visahani iliyofanya hesabu za jamii hii. Kompyuta zikaipita.

Kazi kubwa ilitendeka Berkeley, katika Chuo Kikuu cha California. Kati ya 1969 na 1970 Ronald Rohrer aliwapa wanafunzi wake kazi moja: watunge programu ya kuiga sakiti. Mwamuzi angekuwa Donald Pederson. Yeye akiridhika, wamefaulu. Mmoja wao, Laurence Nagel, aliiendeleza kazi hiyo, na mwaka 1973 ikatangazwa programu iitwayo SPICE, neno ambalo kwa Kiingereza ni kiungo cha chakula, kama karafuu au mdalasini. Haja ilikuwa kubwa, maana sakiti zilikwisha kuwa ndogo hata fundi asiweze kuziunga mezani na kuzijaribu. Toleo la pili, la mwaka 1975, liliweza kujichagulia ukubwa wa hatua: ndogo pale mkondo ubadilikapo kwa haraka, kubwa pale unapotulia. Tena lilitumia kanuni zilizo imara kuliko ile ya mvivu wetu.

Kwa maoni yangu, uamuzi wa Pederson wa kutoiuza programu hiyo una uzito sawa na hesabu zake. Aliyeitaka alilipia gharama ya mkanda tu. Na viwanda vilivyoipokea vilirudisha Berkeley masahihisho ya kasoro walizoziona. Mzao wake mmoja, ngspice, hupatikana bure leo, na shule isiyo na osiloskopu yaweza kuitumia katika kompyuta ya kawaida.

Mwanafunzi atakayeifungua ataona kwamba kila kifaa cha sakiti huandikwa katika mstari wake: R kwa rezista, C kwa kapasita, L kwa koili. Desturi hiyo imebaki tangu siku za Nagel, ambapo kila mstari ulikuwa kadi moja ya karatasi iliyotobolewa matundu, na sakiti nzima ilikuwa bunda la kadi mkononi.