Scania: Kampuni ya malori iliyofilisika ikasimama tena

Ndugu wakulima na wafanyabiashara, wengi wetu mazao yetu yameshapakiwa kwenye Scania. Leo tuangalie historia ya kampuni hiyo, kwa sababu iliwahi kupata hasara ambayo mkulima wa nyanya anaijua vizuri.

Scania ni kampuni ya Sweden, na chanzo chake ni viwanda viwili. Vabis kilianza mwaka 1891 mjini Södertälje, kikitengeneza mabehewa ya reli. Scania kilianza mwaka 1900 mjini Malmö, kikitengeneza baiskeli. Baadaye vyote viliingia kwenye magari, na mwaka 1911 vikaungana na kuitwa Scania-Vabis.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza malori yalinunuliwa sana na faida ikawa nzuri. Mwaka 1919 kampuni ikaamua kuachana na magari madogo na mabasi, ibaki na malori peke yake. Hapo ndipo hesabu ilipokosewa. Vita vilikuwa vimekwisha, na malori ya jeshi yaliyotumika yakajaa sokoni kwa bei ya chini. Nani angenunua jipya? Mwaka 1921 kampuni ikafilisika.

Iliokolewa na mtaji mpya kutoka benki ya familia ya Wallenberg. Safari hii haikutegemea malori tu. Ilirudi kwenye mabasi, likiwemo basi la posta lililoundwa kupita kwenye theluji. Mwaka 1936 ikatoa injini yake ya kwanza ya dizeli. Miaka michache baadaye ikaunda injini za silinda 4, 6 na 8 ambazo spea zake nyingi zinaingiliana. Kiwanda kikapunguza gharama, na fundi akatengeneza magari mengi kwa spea chache. Utaratibu huo ndio nguvu ya Scania hadi leo.

Sisi tuchukue mambo mawili:

1. Bei nzuri ya msimu uliopita isikufanye ung'oe kila kitu upande zao moja. Wenzako nao wameiona bei hiyo, na mtakutana sokoni siku moja. Acha hata robo ya shamba kwa zao lingine.

2. Kabla ya kununua pampu au mashine ya kusaga, uliza jirani anatumia ya aina gani na spea zinapatikana wapi. Mashine ya bei rahisi isiyo na spea itakulaza msimu mzima.

Kazi njema.