Kivuli ni cha nani? Macho ya gizani katika Dungeons & Dragons

Ukizima taa, giza liko wapi: ndani ya chumba au ndani ya macho yako? Kwa wengi jibu halibadilishi kitu. Kwetu sisi waandishi wa programu linabadilisha mengi, maana lazima tuamue data inakaa upande gani. Mchezo wa Dungeons & Dragons ulihangaika na swali hili kwa miaka 40 na ushei, na mimi naona humo kuna somo kwa kila anayeandika kodi.

Kwa wasioujua, ni mchezo wa mezani. Kila mchezaji huigiza mhusika wake, mwendesha mchezo hueleza kinachoonekana, na dadu huamua mambo yenye shaka. Waliouanzisha ni Gary Gygax na Dave Arneson, kule Marekani, mwaka 1974.

Sheria za mwanzo zilikuwa za ajabu kidogo. Madubwana ya mapangoni yote yaliona gizani, lakini dubwana likianza kumtumikia mchezaji, uwezo huo unapotea! Usitafute fizikia hapo. Lengo lilikuwa wachezaji waliogope giza, basi.

Toleo la Advanced, ambalo kitabu chake cha wachezaji kilitoka 1978, lilijaribu kuleta sayansi. Mbilikimo wa hekaya walipewa infravisheni: waliona joto la miili hadi futi 60. Mwenge ukiwaka karibu, uwezo huo unaharibika. Sasa mfikirie mwizi anayejificha kivulini. Kivuli hakifichi joto, kwa hiyo anaonekana. Sheria ikasema anaweza kuyakwepa macho hayo iwapo tu kuna moto karibu naye. Yaani ili ujifiche, usogelee mwanga! Ni jambo la kuchekesha, lakini lina mantiki. Tatizo ni kwamba mwendesha mchezo alilazimika kukisia joto la kila kitu: maiti, ukuta, maji.

Mchezo wa kompyuta NetHack, uliotolewa mara ya kwanza 1987, ulirithi wazo hilo, na kodi yake iko wazi uisome. Humo aina za viumbe zina alama mbili tofauti: moja husema kiumbe huyu anaona joto, nyingine husema joto lake linaonekana. Mtazamaji na mtazamwa wametenganishwa. Mimi huo ndio usanifu ninaoupenda.

Mwaka 2000 kampuni ya Wizards of the Coast ilitoa toleo la 3 na kuliondoa joto kabisa. Mbilikimo sasa aliona gizani kwa rangi nyeupe na nyeusi tu, na elfi aliona mara mbili mbali zaidi ya binadamu penye mwanga hafifu. Ikawa rahisi. Lakini katika marekebisho ya 2003, uchawi wa giza ulielezwa kuwa hutoa mwangaza wa kivuli kwa futi 20 kila upande. Ukisoma neno kwa neno, ukiutumia ndani ya pango lenye giza totoro, unaongeza mwanga! Kivuli kilikuwa kimefanywa mali ya mahali.

Toleo la 5 la 2014 lilikaribia. Mwenye macho ya gizani huliona giza kama mwanga hafifu, kwa hiyo naye bado anaweza kupitwa na kitu. Ila chapa ya kwanza ilisema aliye ndani ya giza nene ni kama kipofu. Simama nje usiku, tazama ukumbi wenye taa: eti huoni kitu! Mwaka 2015 wakasahihisha: unakuwa kipofu pale tu unapotaka kuona kitu kilichomo gizani. Mdudu alikuwa mmoja tu: walikagua alipo mtazamaji badala ya kilipo kinachotazamwa.

Basi, kivuli si cha chumba wala si cha jicho. Ni cha wawili hao kwa pamoja. Ni sawa na ruhusa za faili: "siri" haina maana mpaka useme siri kwa nani.

Tangu Januari 2023 sheria za msingi za toleo la 5 zinapatikana kwa leseni ya Creative Commons. Jaribu kuiandika mwenyewe hiyo funksheni ya kuona. Utaipa vigezo vingapi?