Masurufu ya Bahari: Jinsi Abiria wa Pwani Walivyofunga Safari

Zama chombo kilipokuwa kikienda kwa upepo, mtu aliyekusudia kuondoka Lamu, Mombasa au Unguja kwenda Mukalla, Maskati au Bombay alimpa nahodha nauli yake, na nauli ile ikampatia vitu vichache mno: mahali pa kulaza ubavu juu ya sitaha, fungu lake la maji, na aghalabu sahani ya wali au kipande cha mkate pamoja na mabaharia. Mengine yote, yaani tandiko la kulalia, kitoweo cha kumfanya ale pale moyo unapokataa, dawa, kivuli cha kumkinga na jua la adhuhuri, na hata faragha ya ahali yake, yalikuwa juu ya shauri lake mwenyewe. Kwa sababu hiyo kufunga mizigo ya bahari ilikuwa ni elimu, na watu wa pwani waliirithishana, mama kwa binti na mjomba kwa mpwa. Nami naona kwamba historia ya safari zetu imo zaidi katika makasha na vikapu kuliko katika daftari za forodha, na waandishi wengi wameipita kwa haraka isiyostahili.

Elimu hiyo ilianzia katika kuzijua nyakati. Kaskazi, ivumayo tangu Desemba hata Machi, ilileta majahazi ya Bara Arabu, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi yakiwa yamesheheni tende, papa wakavu, chumvi, mazulia na masanduku. Na kusi, iingiayo Aprili, ikayarejesha makwao na boriti za Rufiji na Lamu, na nazi, na karafuu. Lakini kusi ikipata nguvu zake zote mwezi wa Juni na Julai, bahari ya kuelekea Arabuni haipitiki kwa salama, hata ikawa manahodha ama huwahi kutweka mwanzoni mwa msimu, ama hungoja mpaka mwishoni mwa Agosti, upepo unapolegea. Abiria basi aliujua mwezi wa kuondoka, ila siku yenyewe hakuijua, madhali nahodha hang'oi nanga mpaka shehena itimie, na kila anayemwuliza hujibiwa kwamba ni kesho, inshallah. Ndipo mizigo ikafungwa kwa mafungu mawili: vile visivyoharibika viliwekwa tayari majuma mengi kabla, na vile vya kupikwa viliachwa mpaka habari ya yakini ifike nyumbani, kisha jiko likakesha.

Katika visivyoharibika, achari ndiyo iliyokuwa na daraja ya kwanza. Ndimu zilizopasuliwa, zikashindiliwa chumvi na pilipili, zikaanikwa juani mpaka zikageuka rangi na kulainika, zilitiwa katika mtungi mdogo wenye kufungwa kitambaa mdomoni; na asiyepata kuishi siku nyingi kwa wali na papa mkavu huenda asiielewe thamani ya tone moja la achari ile. Zilifuatana nayo tende, halua, ng'onda, samli, buni za kahawa na tangawizi, na mikate ya mofa iliyokaushwa hata ikawa haioti ukungu. Vileja na visheti vilikaangwa na kuokwa kwa wingi kuliko tumbo la mtu mmoja, wala huo haukuwa ubadhirifu, kwani haikuwa murua abiria kufungua bweta lake la chakula minghairi ya kumkaribisha aliyetandika mkeka ubavuni pake, awe ni Mshihiri, Mngazija au Mhindi, na mwenye busara alifunga chakula chake akiwahesabu majirani ambao hajawaona bado.

Kasha lenyewe lataka kutazamwa kwa karibu. Yale yaliyokuwa mazuri yalitoka Surat, Bombay na Ghuba, nayo yalikuwa ya msaji, yamepigwa mabati membamba ya shaba na misumari ya shaba yenye vichwa vya duara iliyopangwa kwa nakshi. Chini yalikuwa na saraka mbili au tatu, na pande zake mbili vipo vishikio vizito vya kunyanyulia. Mtu akifunua kifuniko hukuta upande mmoja wa ndani kijisanduku chembamba chenye kifuniko chake, ambamo huwekwa tasbihi, wanja, sindano na uzi, na vikaratasi vya dawa. Na katika baadhi ya makasha, chini ya kijisanduku hicho au nyuma ya saraka, pana pengo la siri ambalo mkono usiofundishwa hauligundui, na humo zilikwenda reale za Maria Theresa na hati za mashamba. Nguo zilipangwa juu ya vitu vizito, zikinyunyizwa karafuu na vipande vya udi ili wadudu wasizikaribie, na kanzu nzuri iliwekwa chini kabisa, kwa kuwa ni ya siku ya kushuka, ilhali shuka, msuli na koti la usiku vilikaa juu, mahali ambapo mkono utavifikia gizani bila ya kuwaamsha waliolala. Kasha likishafika chomboni hufungwa kwa kamba, mgongo wake ukielekezwa kwenye ubavu wa chombo, na tangu hapo huwa ni ukuta wa nyumba ya mwenyewe, na kiti chake, na meza yake.

Kuchagua mahali pa kukaa kulihitaji akili zaidi kuliko mgeni awezavyo kudhani. Akaaye goshini, upepo utokako, hupata hewa safi lakini mawimbi humrushia maji usiku kucha. Na akaaye demani huwa mkavu, ila moshi wa mpishi wote humwendea yeye, na wanaotapika huja kuinamia ukingo uliopo kichwani pake. Katikati, karibu na mlingoti, chombo hakisukiki sana, lakini ndipo mabaharia wanapokanyaga wanapogeuza tanga na foromali, nao hawana wasaa wa kuuliza kidole hiki ni cha nani. Wazoefu walipapenda hapo pa katikati, kwa kusogea kidogo kuelekea shetri, wakavumilia kuamshwa. Jiko lilikuwa sanduku la mbao lililojazwa mchanga, moto ukiwashwa juu yake katikati ya mafiga. Na choo kilikuwa kisanduku kilichoning'inizwa nje ya ubavu wa chombo, ambacho mzee au mtoto hakukiendea pasina mtu wa kumshika mkono. Maji matamu yalikuwa ya kunywa na kupikia tu. Kuoga na kufua kulikuwa kwa maji ya bahari, na sabuni haitoi povu humo, hivyo nguo za rangi ya kiza zilifaa kuliko nyeupe.

Ama kulewa bahari, dawa zake zilikuwa nyingi, na baadhi yake zina haki. Mgonjwa alipewa ndimu ya kunusa, tangawizi ya kutafuna na mkate mkavu kidogo kidogo, akakatazwa kulala na njaa, na akaambiwa akae nje penye hewa, ayatupe macho yake mbali, pale mbingu na maji vinapokutana, wala asiitazame sitaha. Tatizo ni kwamba baadhi ya abiria hawakuruhusiwa kuitumia dawa hii ya mwisho. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, aliposafiri mwaka 1938 na 1939 katika chombo cha Kuwait cha nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, kutoka Aden hata Unguja na Rufiji, yeye alipewa kipande cha bao la kukalia juu ya shetri, akaona jua likichomoza na kuzama kila siku. Lakini wanawake waliopanda katika pwani ya Hadhramaut walitiwa katika chumba cha chini ya shetri, penye kiza na joto na harufu ya ngama, wakakaa humo pamoja na watoto wao wachanga. Stara ilitunzwa, na gharama yake wakailipa wao peke yao. Ndiyo maana katika vifurushi vya akina mama wa pwani havikukosekana kipepeo cha ukindu, mafuta ya mkaratusi au karafuu, na chupa ya marashi, vitu ambavyo mtu wa leo angevihesabu kuwa ni anasa, na kumbe vilikuwa ni pumzi.

Mizigo mingine haikuwa na uzito. Kabla ya kuondoka msafiri alizunguka kwa jamaa na majirani akiomba radhi, akalipa madeni au akaandika wasia mbele ya mashahidi, na aliyesoma alichukua nakala ya Hizbul Bahri, ile dua ya Sheikh Abul Hasan Shadhili aliyefariki mwaka 1258, ambayo mabaharia wa Kiislamu huisoma baharini hata leo. Mahujaji walizidisha vazi la ihramu, la kuvaliwa humo humo chomboni chombo kinapolingana na Yalamlam, na wengi waliitunza nguo ile kwa nia ya kuzikiwa nayo. Tangu mwaka 1882 iliwapasa pia kujiandaa kwa karantini ya kisiwa cha Kamaran katika Bahari ya Shamu, ambako serikali ya Uthmaniya iliwazuia wajao kutoka kusini kwa kuhofia kipindupindu, na masurufu yaliyopimwa kwa siku za njiani yakawa hayatoshi.

Hata hivyo, mabadiliko yalikuwa yamekwisha anza. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872, mwaka ule ule tufani ilipoangusha mikarafuu ya Unguja na kuvunja vyombo bandarini, merikebu za moshi za kampuni ya British India zilianza kuleta barua kila mwezi kutoka Aden. Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja, ambaye mwaka 1875 alikwenda Uingereza na kujionea mwenyewe, akanunua merikebu zake za moshi. Na mwaka 1890 Wajerumani wakaanzisha Deutsche Ost-Afrika Linie. Abiria hakungoja tena kusi. Alinunua tikiti yenye tarehe, na tikiti ile ikataja daraja. Wa daraja ya kwanza alikuta kitanda, shuka, mwanga na chakula mezani, na jambo lililobaki kwake ni kuligawa sanduku: moja fupi, la kuingia chini ya kitanda cha kabini, na jingine kubwa lililobandikwa karatasi ya kueleza kwamba halihitajiki safarini, likashushwa ngamani. Aliyekosea kugawa, akaacha dawa yake au nguo ya baridi katika lile kubwa, alingoja saa maalumu ambayo chumba cha mizigo hufunguliwa.

Lakini ile elimu ya zamani haikufa siku hiyo, bali ilihamia sitaha za merikebu. Katika merikebu za British India, Amra ya mwaka 1938, Kampala ya mwaka 1947 na Karanja ya mwaka 1948, zilizokwenda baina ya Bombay na Afrika Mashariki mpaka Durban, abiria walio wengi hawakuwa na kabini. Walisafiri sitahani na masanduku ya bati, matandiko yaliyoviringishwa, magudulia ya maji na tifini, wakitangulia mapema asubuhi ili watandike mikeka penye kivuli, mbali na moshi wa dohani na mbali na njia ya kuendea bombani. Jiko la Waislamu lilikuwa mbali na jiko la Wahindu, ila achari zilivuka mpaka huo bila ya kuulizwa. Familia nyingi za Kihindi za Unguja, Dar es Salaam na Mombasa ziliingia Afrika kwa mikeka hiyo, na ni haki yake kuhesabiwa katika historia kuliko saluni za daraja ya kwanza ambazo picha zake ndizo zilizotunzwa.

Kampuni hiyo hiyo iliunda merikebu mbili za kwenda London, Kenya ya mwaka 1951 na Uganda ya mwaka 1952. Ndege zilipowachukua abiria, Kenya ilivunjwa mwaka 1969. Uganda ikageuzwa, na tangu mwaka 1968 ikawa ya matembezi, ikiwachukua wanafunzi kwa mamia waliolala katika mabweni ndani yake, mpaka ilipotwaliwa mwaka 1982 kuwa hospitali katika vita vya Falklands. Hivyo chombo kilichozaliwa kwa ajili ya bandari zetu kilitumia miaka mingi ya umri wake katika kazi mpya ya kusafiri kwa ajili ya kusafiri tu, ambayo leo huleta Mombasa na Unguja meli za kitalii zenye ghorofa nyingi.

Wasafiri wa meli hizo hupewa nasaha ambazo bibi wa Lamu asingezishangaa: chukua mfuko mdogo wenye dawa, hati na nguo ya kubadili, kwa sababu begi kubwa huletwa chumbani baadaye, chagua chumba cha katikati na cha chini ukiogopa kulewa bahari, usisahau tangawizi. Liko neno moja tu ambalo lingemstaajabisha, nalo ni kwamba kampuni nyingi huwakataza abiria kupanda na chakula kilichopikwa nyumbani. Angeuliza, basi, mtu atamkaribisha nini jirani yake usiku wa kwanza.