Hela iliyogongwa Tabora

Boom bado, hela hatuna, basi tuongelee hela zenyewe. Neno hili tumelitoa kwa Wajerumani: mwaka 1904 walileta sarafu iliyoitwa Heller, 100 kwa rupia moja. Kabla ya hapo rupia ilikuwa pesa 64.

Bibi yangu Kikatiti anayo ya Heller 20, ya 1916, ina herufi T. Mbaya hiyo, imegongwa kama kwa hasira! T ni Tabora. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto Waingereza walifunga bahari, sarafu za Ujerumani hazikufika, wakazigonga kwenye karakana ya reli, hata kwa shaba ya maganda ya mizinga. Za rupia 15 zilikuwa dhahabu ya Sekenke, zina tembo. Hizo ndizo wakusanyaji wanazililia.

Ya bibi alirudi nayo baba mkwe wake, aliyebebeshwa mizigo vitani. Juzi mnunuzi wa vyuma chakavu aliipima pamoja na sufuria mbovu, bibi akaichomoa mizanini. Nimeiomba niende nayo TP, wanafunzi waishike. Bado anafikiria.