Ratiba za Safari Zilianzia Wapi, na Kwa Nini Mara Tunarukwa?

Leo tunawaacha mastaa wapumzike kidogo, tuongee hela.

Kuna kaka mmoja wa Bunda, jina namhifadhi, anapeleka wageni Serengeti kwa gari ya kukodi. Juzi kati alipata wageni sita. Walitaka kuingilia geti la Ndabaka, walale hifadhini siku mbili, halafu wamalizie Butiama kwa Mwalimu. Bei yake ilikuwa nzuri na ile njia anaijua hata akifumba macho. Akawaandikia ratiba WhatsApp, meseji ndefu kama barua ya posa: siku ya 1 hivi, siku ya 2 vile, chini namba ya simu. Wakamjibu asante, tutakujulisha. Kimya.

Baadaye mgeni mmoja, kwa roho safi tu, akamtumia linki ya kampuni waliyoichagua. Unafungua, simba amejaa skrini nzima. Unashusha, ramani yenye mstari wa njia. Unashusha tena, picha ya kila kitanda watakacholalia. Mwisho kabisa ndiyo bei, na ilikuwa juu kuliko ya kwake. Butiama haikuwemo.

Alinionyesha tukiwa tumekaa Mwigobero, Musoma, tunakula sato. Akasema, "Mdogo wangu, mimi nimeshindwa na picha." Ile kauli ilinikaa kichwani. Mimi ni form four tu, historia sikuisomea chuo, ila nikaanza kuchimba: hivi hii ratiba ya safari ilianzia wapi, na nani aliamua njia ipite wapi?

Mhubiri, treni na kijitabu

Tarehe 5 Julai 1841 huko Uingereza, jamaa anaitwa Thomas Cook, mtu wa dini na mpinga pombe, alikodi treni ikabeba watu kama 500 kutoka Leicester kwenda Loughborough. Nauli shilingi moja. Walikuwa wanaenda kwenye mkutano wa kupinga ulevi, yaani utalii wa kisasa umeanzia kwa watu wasiokunywa hata bia moja.

Mwaka 1845 akapanga safari ya kwenda Liverpool, na safari hii akachapisha kijitabu cha kumwongoza msafiri. Hapo ndipo mzee alipotuzidi akili. Mteja alikuwa anauziwa safari ambayo ameshaiona kichwani kabla hajapanda treni. Kampuni yake ikaja kuzunguka dunia nzima, ikafa Septemba 2019, lakini ule ujanja haujafa: mfanye mtu aione safari kabla hajalipa.

Huku kwetu nako

Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901. Kutoka hapo meli zikazunguka ziwa, na Musoma ikawa moja ya bandari zake. Miaka michache baadaye reli hiyo ikatoa bango la matangazo ambalo mpaka leo watu wanalinunua kulitundika ukutani: wanyama wa porini na treni, matajiri wa Ulaya wanaitwa waje kukimbia baridi yao huku. Picha kwanza, maneno baadaye. Kumbe siyo mambo ya Instagram tu.

Serengeti ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1959 Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael wakatoa filamu yao juu ya Serengeti. Michael hakuiona ikitamba, maana ndege yake ilianguka mwezi Januari mwaka huohuo. Mwaka 1960 ile filamu ikachukua Oscar, na watu wa mbali ambao wasingeweza kuionyesha Tanzania kwenye ramani wakaanza kuijua Serengeti kwa sura.

Mpaka ulipofungwa, njia ikahama

Sasa hapa ndipo penye mzizi wa fitina.

Zamani watalii wengi walikuwa wanatua Nairobi, wanapita Maasai Mara, wanavuka mpaka humo humo porini na kuingia Serengeti kwa upande wa kaskazini. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mwezi Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, na magari ya watalii ya kampuni za Kenya yakashikiliwa huku. Mpaka ukaja kufunguliwa Novemba 1983.

Miaka karibu saba siyo mchezo kwenye biashara. Tanzania ikabidi iuze safari zake yenyewe, kutokea Arusha na uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Njia ikachorwa upya: Arusha, Manyara, Ngorongoro, Serengeti ya kati, geuza gari rudi Arusha. Upande wetu wa magharibi, kuanzia mto Grumeti mpaka Ndabaka karibu na ziwa, ukabaki kama mkia.

Mpaka ulipofunguliwa, ile njia ya porini haikurudishiwa watalii kama zamani. Mpaka leo anayetoka Maasai Mara kwenda Serengeti kwa gari anazungukia Sirari, anapita Tarime, anakuja mkoani kwetu. Yaani wageni wanapita mlangoni kwetu kabisa! Butiama iko pembeni tu ya barabara, unakata pale Makutano. Hapo alizaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922, hapo amezikwa tangu 1999, na makumbusho yake yapo. Ila gari inapita vumbi likitimka, sababu kwenye ratiba ya mgeni hiyo siku imeandikwa "kuendesha gari" tu.

Kompyuta zikaingia

Mwaka 1960 shirika la ndege la American Airlines na kampuni ya IBM waliwasha mfumo wa kuhifadhi viti vya ndege kwa kompyuta, unaitwa Sabre. Mwaka 1976 mashine zake zikaanza kuwekwa kwa mawakala wa safari. Ule mfumo ulijua kiti na nauli, simba hakumjua. Ratiba yenyewe bado wakala alikuwa anaipiga taipu na kubandika brosha.

Programu za siku hizi ndizo zimeunganisha vyote. Kuna Wetu ya Afrika Kusini, kuna Tourwriter ya New Zealand, na nyingine kibao. Zinafanya kazi hivi: ndani kuna ghala la picha na maelezo ya loji, hoteli na vivutio. Wakala anachagua siku ya 1 loji fulani, siku ya 2 kambi fulani, picha zinajipanga zenyewe, ramani inajichora, umbali unajihesabu. Anaweka bei, kilichomo na kisichokuwemo, anatoa PDF au linki. Kazi ya siku nzima inaisha ukiwa hujamaliza chai.

Mnaona mtego ulipo? Wakala hupenda kuchagua kilichomo ghalani. Loji yenye picha 20 inachaguliwa, sehemu isiyo na picha inarukwa. Hakuna aliyekaa kikao akasema tuwanyime watu wa Mara. Njia ilichorwa upya baada ya 1977, halafu programu ikaja kuipamba njia ileile.

Tulichofanya sisi

Kuna dada mmoja wa hapa Musoma, fundi wa kupiga picha za harusi, tukamwomba laptopu na kamera. Tukajiunga na programu moja kwa majaribio ya bure. Nikaandika "Butiama" kwenye ghala lake. Ikaja pini tupu kwenye ramani. Picha hata moja hakuna! Nyumbani kwa Baba wa Taifa, pini tupu. Nilijisikia vibaya, siwadanganyi.

Jumamosi iliyofuata tukaenda. Tukaomba ruhusa makumbusho kabla ya kupiga, maana mwiko kwenda kwa watu na kamera kama umetumwa. Tukapiga yale mawe makubwa ya Butiama. Jioni tukapiga ziwa hapa Musoma, mitumbwi inarudi na jua linazama.

Kwenye kupanga ndipo kaka wa Bunda akageuka profesa. Programu ilihesabu njia ya Seronera mpaka Ndabaka kama lami. Akacheka sana. Akasema huku magharibi kuna udongo mweusi, mvua ikinyesha gari inalala hapo hapo, andika muda mrefu zaidi na weka njia mbadala. Akakumbusha kibali cha hifadhi kina muda wake, kwa hiyo saa ya kutoka getini iandikwe wazi, ukichelewa unalipa tena. Akasema wanaotaka nyumbu wavuke Grumeti waje kati ya Mei na Julai, tusiwauzie Desemba. Hayo yote ghalani hayakuwemo, yalikuwa kichwani kwake miaka yote, anayaandika kwenye meseji bila picha.

Ratiba ikatoka: siku 4, Bunda, Grumeti, Seronera, kurudi Ndabaka, Butiama, kulala Musoma. Picha ya kwanza kabisa hatukuweka simba. Tuliweka ziwa, kwa sababu simba kila kampuni anaye. Na PDF tukaipunguza uzito, mtu asimalize bando kwa kufungua ratiba.

Wiki mbili baadaye wageni wawili wametanguliza malipo. Wawili tu, siyo sita. Wote wawili waliuliza swali moja: hapo Butiama tunaweza kukaa muda zaidi?

Sasa nyie wa Bunda, Butiama, Tarime, Mugumu: mna picha ngapi za kwenu zimelala kwenye simu? Na nyie mnaopeleka wageni, ratiba zenu mnatuma kwa meseji au kwa picha? Njooni kwenye maoni tusemezane. Na kaka wa Bunda, ukisoma hapa, deni la sato nalikumbuka.