Cicely Saunders na Maumivu ya Wanaokufa

Sisi wachungaji tumezoea kumpelekea mgonjwa Neno na Sakramenti, na dawa tukawaachia madaktari. Maisha ya Cicely Saunders (1918–2005), Mwanglikana wa Uingereza, yanatulazimu kuuchunguza upya mgawanyo huo.

Alianza kazi akiwa muuguzi; mgongo ulipomwumiza akawa mhudumu wa ustawi wa wagonjwa hospitalini. Huko London alimtunza David Tasma, Myahudi kutoka Poland, aliyekufa kwa saratani mwaka 1948 akimwachia paundi 500 ili awe dirisha katika nyumba atakayoijenga. Daktari mpasuaji mmoja alimshauri asomee kwanza udaktari. Akahitimu mwaka 1957, akikaribia umri wa miaka 40.

Mwaka 1958 alianza utafiti katika hospisi ya St Joseph's, iliyoendeshwa na masista Wakatoliki. Siku zile hospitali nyingi, kwa kuhofia uraibu, zilimpa mgonjwa mofini baada tu ya maumivu kurudi. Ikambidi aombe, angoje, aombe tena. Saunders aliitoa kwa kinywa na kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi. Aliweka kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 1,000 na kunasa sauti za baadhi yao. Aliona kwamba walitulia wakiwa na akili timamu, wala hawakuwa watumwa wa dawa. Katika kuwasikiliza akapata fundisho lake la “maumivu kamili”: ya mwili, ya nafsi, ya jamaa na ya roho pamoja. Yafaa tukiri kwamba sisi tumehubiri mara nyingi juu ya hayo ya mwisho huku msikilizaji akishindwa kusikia kwa sababu ya yale ya kwanza. Tena tumewahi kuyaita msalaba maumivu ambayo chupa ya dawa ingeyaondoa.

Hospisi yake ya St Christopher's ilifunguliwa mwaka 1967, na dirisha la Tasma limo. Yeye mwenyewe aliipendelea heroini kuliko mofini. Hata hivyo alimruhusu Dk. Robert Twycross, aliyejiunga naye mwaka 1971, kuzilinganisha. Matokeo ya mwaka 1977 yalionyesha kwamba zikinywewa kwa utaratibu hazina tofauti ya maana. Ni watafiti wachache wanaokubali kupimwa hivyo nyumbani mwao. Kwa nchi zilizopiga marufuku heroini, jibu hilo lilikuwa neema: mofini ya maji, tena ya bei nafuu, ingetosha. Ndiyo aliyoitumia Dk. Anne Merriman alipoanzisha hospisi Kampala mwaka 1993. Na tangu mwaka 2004 sheria ya Uganda inawaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika, hata kijijini kusiko na daktari.